Kifurushi cha Mwenye Eda

Siku Zaidi wa bodaboda alipoleta kifurushi Ruaruke kwa mara ya kwanza, mwenye kifurushi alikuwamo ndani, nyuma ya pazia la chumba cha kati, anapepeta mchele. Hakusikia pikipiki ikizimwa uwanjani. Hakusikia hodi. Masikio ya Bi Mwajabu Abdulrazaq yalikuwa yamekwisha kumuaga zamani. Kilichokuwa kikimletea sauti za watu ni mashine ndogo ya sikio, umbo lake na ukubwa wake kama korosho, na hiyo nayo ilikuwa imeharibika. Mumewe, Mwalimu Mrisho, aliifunga kwenye boksi la dawa akampelekea fundi Dar es Salaam. Kabla haijarudi, Mwalimu mwenyewe aliugua siku chache, akatangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo Bi Mwajabu alikuwa eda. Hatoki, hajipaki manukato, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, mpaka miezi yake minne na siku kumi itimie.

Aliyekutana na Zaidi ni wifi yake, Bi Rukaya, dada wa marehemu, aliyehamia nyumba ile tangu msiba ili amlinde mjane wa kaka yake. Na kulinda alijua. Wageni aliwapokea yeye, maswali aliyajibu yeye, hata jogoo wa jirani akikaribia dirisha la mwenye eda alifukuzwa na yeye.

Zaidi akasoma jina kwenye karatasi, akauliza kama Mwajabu Abdulrazaq yupo, kuna kifurushi chake, atoke aje asaini. Bi Rukaya akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Kijana wa mjini, hamjui kwao, anamtaja mjane kwa jina lake kavukavu bila hata kusema mama fulani, tena anataka atoke nje aandike mbele yake.

"Kaenda Chumbi," akasema.

"Atarudi lini, mama?"

"Akimaliza alichoendea."

Zaidi akaandika kwamba mpokeaji amesafiri, akageuza pikipiki, akarudi Kibiti na kifurushi chake. Bi Rukaya akarudi jikoni na moyo mweupe. Ruaruke ndivyo wanavyofanya tangu enzi za mabibi. Mwanamume asiyejulikana akimwulizia mwenye eda, hujibiwa kwamba kasafiri, naye huondoka, na heshima ya ndani inabaki ndani. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kufukuza ndege kwenye mpunga, hata hakuona haja ya kulisema.

Bi Mwajabu hakuuchukia sana ukimya. Katika ukimya mtu huona mengi. Aliona kwamba jirani yake akiingia hupiga kisigino sakafuni mara mbili, ili mtetemo umfikie nyayoni asishtuke. Aliona kwamba wajukuu, waliokuwa wakimvuta kanga kwa nguvu zamani, sasa wanaigusa pindo tu na kusubiri. Mwanawe Hemedy, mkulima wa mpunga aliyejenga ng'ambo ya njia, huja kila asubuhi na kumwandikia habari kwa chaki kwenye kibao cheusi kilichobaki katika chuo cha Kurani cha baba yake. Na Bi Rukaya, ambaye kusoma hakuwahi, huzungumza naye kwa midomo mipana na mikono yote miwili, mpaka akimaliza kueleza habari ya bei ya samaki anatoka jasho. Yote hayo Bi Mwajabu aliyaona na kuyaweka moyoni.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kwa macho halipatikani. Alhamisi iliyokuwa ikija ilikuwa khitma ya arobaini ya Mwalimu. Wanafunzi wake wa zamani wangekuja kutoka Kibiti, Bungu na Ikwiriri, watu wazima sasa, wenye ndevu na watoto, waketi uwanjani kumsomea mwalimu wao. Tangu alipoolewa, Bi Mwajabu alipika, alifua na alilea katikati ya sauti za kisomo kutoka barazani. Mwanafunzi akiikimbiza aya, Mwalimu hakumkaripia. Aligonga kibao kwa kifundo cha kidole, ko, ko, na mtoto akarudi nyuma akaanza tena taratibu. Hata akiwa jikoni na moshi machoni, Bi Mwajabu alijua nani kakimbiza na nani katulia.

Sasa wasomaji watakuwa nje, yeye ndani. Midomo yao hataiona. Bila ile mashine, khitma ya mumewe ingemfikia kama harufu ya pilau tu. Alikuwa amejiambia kwamba Mungu akipenda itarudi kabla ya siku hiyo, na alikuwa hajakata tamaa, maana fundi alikuwa ameahidi.

Jumatatu asubuhi Hemedy aliichaji simu ya marehemu baba yake, iliyokuwa imezimwa tangu msiba, ili atafute namba za wanafunzi wa kualikwa. Ilipowaka tu ikaanza kutetemeka mkononi. Ujumbe ulikuwa umejipanga. Kifurushi kimefika Kibiti. Kifurushi kimepelekwa, mpokeaji amesafiri. Kifurushi kimekatiwa bima na kinahitaji saini ya mpokeaji mwenyewe, kisiposainiwa hadi Jumatano jioni kitarudishwa kwa aliyekituma.

Hemedy akakimbilia kibao. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba mashine imefika, iko Kibiti. Bi Mwajabu akasoma taratibu kama ilivyo desturi yake, kidole kikifuata neno baada ya neno, kisha uso wote ukafunguka. Ndipo Hemedy akaandika sehemu ya pili, akiisema kwa sauti na kumtazama shangazi yake kwa pembeni. Nani kasema mama kasafiri?

"Mimi," Bi Rukaya akajibu bila kupepesa macho. "Kaja mwanamume na pikipiki anamwita mwenye eda kwa jina. Ulitaka nimkaribishe kitandani?"

Hemedy akamweleza kilichokuwa ndani ya kile kifurushi. Bi Rukaya akakaa chini juu ya kinu kilicholala, mikono ikalala mapajani. Bi Mwajabu akaona. Akamsogelea, akamwondolea pumba iliyokuwa imemganda begani, akarudi kukaa.

Hemedy akachukua kitambulisho cha mama yake, akaenda Kibiti. Alirudi alasiri mikono mitupu na hasira tele. Ofisi ya vifurushi iko jirani na stendi, akaeleza, akiandika na kufuta, kuandika na kufuta. Pale dirishani kuna binti anaitwa Hafsa. Alimpa kitambulisho, akamweleza habari ya eda, akamwambia yeye ni mtoto wa kuzaliwa na angeweza kusaini hapo hapo. Yule binti akafungua maelezo yake, akamjibu neno ambalo Hemedy aliliandika kibaoni kama lilivyosemwa, kwa kuwa lilimchoma:

"Kaka yangu, hapa imeandikwa mama yako yuko Chumbi. Wewe unasema yuko ndani eda. Nimwamini nani?"

Akaendelea kumwambia kwamba mzigo wenye bima hautolewi kwa mtoto, wala kwa mume, wala kwa barua. Aliyeutuma ameulipia bima ili mkono wa mwenyewe ndio usaini, mbele ya mtu wa ofisi aliyemtazama uso na kuulinganisha na kitambulisho. Hemedy alikuwa amepandisha sauti. Watu waligeuka. Yule binti hakupandisha yake.

Bi Mwajabu alisoma mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza swali ambalo Hemedy hakulitegemea.

"Alikukaribisha kiti?"

Hemedy akatikisa kichwa kukubali.

"Na maji?"

Alimpa, akaandika Hemedy. Kutoka chupa yake mwenyewe.

"Basi huyo si mtu mbaya," Bi Mwajabu akasema. Sauti yake, kwa kuwa haisikii, ilikuwa kubwa kidogo kuliko alivyodhani. "Ulimfokea, naye akakupa maji yake. Na mali yangu hakuitoa. Angekupa wewe kwa maneno matupu, kesho angempa mwingine kwa maneno matupu. Kumbe mashine yangu iko kwenye mikono salama."

Bi Rukaya hakuwa na subira ya kusifu mtu. Alikuwa amefikiri jambo lake tangu asubuhi, na sasa akasimama mbele ya wifi yake, akalisema kwa midomo na mikono. Ataenda yeye. Atajifunga ushungi mpaka nyusi, watu wazima wote wanafanana, ataonyesha kitambulisho na kusema ndiye Mwajabu. Yeye ndiye aliyeharibu jambo, yeye atalitengeneza. Dhambi iandikwe kwake.

Bi Mwajabu akacheka mpaka akashika ubavu.

"Wifi, ulinipeleka Chumbi bila nauli. Leo unataka kuwa mimi kabisa?"

Bi Rukaya naye, pamoja na majonzi yake, akashindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza cha maana katika nyumba ile tangu msiba. Kilipotulia, Bi Mwajabu akamshika mkono. Akamwambia kwamba uongo wa kwanza aliusema kwa mapenzi na hakuna anayemlaumu, ila uongo ni kama maji ya mto wa Rufiji, ukiyazibia hapa yanatokea shambani kwa mwingine. Huyu binti wa watu ameaminiwa kazi. Wamdanganye, kisha apoteze mkate wake kwa ajili ya sikio la kizee?

Hemedy akaleta shauri la tatu. Dini imeruhusu. Mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa dharura, akaandika, baba mwenyewe ndivyo alivyotufundisha. Nikodi gari, uende ujifunike, urudi.

"Najua," akasema mama yake. "Nilikuwa jikoni akiwafundisha. Nikiugua nitakwenda hospitali, sitasubiri kufa kwa aibu. Lakini jambo ambalo mwingine anaweza kunitimizia nikiwa nimekaa, sitoki kwa ajili yake. Baba yako namkalia eda yake yote. Nipe kalamu."

Akaomba karatasi ya daftari na kiti kifupi cha kuandikia. Aliandika kwa muda mrefu. Hemedy alisimama mlangoni, hakumharakisha, na hilo nalo mama yake aliliona. Herufi zake zilikuwa kubwa, zilizosimama mbalimbali kama miche ya mpunga iliyopandwa na mtu makini. Aliandika hivi:

"Kwa binti Hafsa. Assalamu alaikum. Mimi ndiye Mwajabu Abdulrazaq. Sikwenda Chumbi. Nimo eda ya mume wangu, na wifi yangu alinificha kwa mapenzi. Umefanya vizuri kumnyima mwanangu, na ahsante kwa maji. Kifurushi usimpe mtu. Njoo nacho wewe, mwanamke mwenzangu, unitazame uso wangu. Ukiona ndiye, nitasaini mbele yako. Ukiona siye, rudi nacho. Alhamisi ni khitma, nataka kusikia."

Hemedy akaisoma, akamwonyesha kwa kidole mahali pa chini palipobaki peupe. Hapa hujasaini, mama.

"Saini si chumvi, haitumwi dukani," akasema Bi Mwajabu. "Yangu haiendi Kibiti bila mimi. Ikitakiwa itafuatwa hapa hapa."

Jumanne Hemedy aliipeleka barua pamoja na kitambulisho. Aliporudi alieleza kwamba binti aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akaingia chumba cha ndani kumwuliza mkubwa wake. Alipotoka hakuahidi kitu. Alisema tu amwambie bibi kwamba amesikia. Bi Rukaya alilikemea neno hilo siku nzima. Amesikia, amesikia, ndiyo nini? Hata ukuta unasikia. Bi Mwajabu yeye alifua kanga yake ya eda, akaianika uani, akapepeta mchele wa pilau. Kama mgeni anakuja, alisema, atakuta kazi zimekwisha.

Usiku ule mvua ikanyesha. Bi Mwajabu hakuisikia, ila aliamka alfajiri akanusa udongo, na alipoweka mguu uani ukazama mpaka kifundo. Njia ya kutoka barabara ya lami kuja Ruaruke anaijua. Ikilowa hugeuka uji, na madereva huigomea. Hemedy alikuja na uso mrefu. Akampigia simu Zaidi wa bodaboda, haikupatikana. Adhuhuri ikapita. Gari la mizigo la kurudi Dar, waliambiwa, huondoka Kibiti kabla ya magharibi.

Bi Rukaya hakukaa. Alikuwa amekwenda mpaka njia panda na kurudi mara ambazo hata mwenyewe hakuzihesabu, amebeba sandali mkononi, miguu imevaa soksi za tope. Bi Mwajabu alimtazama kupitia tundu la pazia, mama mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, anakwenda kumsubiri mwanamume yule yule aliyemfukuza. Akajisemea kwamba hata kisipokuja kitu, hiki alichokiona ni kikubwa.

Alipokuwa akimaliza sala ya alasiri alihisi visigino viwili sakafuni. Kisha vingine viwili. Jirani huyo, na si peke yake. Akatoa salamu, akageuka.

Mlangoni, nyuma ya jirani, alisimama Bi Rukaya, amemshika mkono msichana mwembamba mwenye tope mpaka kiunoni. Kichwani alivaa mtandio wa kazini, na mwingine ulimfunika pua na mdomo kuzuia matope. Kifuani, kimefungwa kwa kanga kama mtoto mchanga, kulikuwa na kifurushi. Baadaye Bi Mwajabu alielezwa kwamba pikipiki iliwaangusha mara moja karibu na daraja. Zaidi alianguka ubavu, binti alianguka chali, makusudi, ili kifurushi kiwe juu. Nje, Zaidi alikuwa ameketishwa kwenye mkeka mgongo akiugeuzia nyumba, Bi Rukaya amemwekea bakuli la uji na kumwita mwanangu.

Bi Rukaya hakuwa amemwachia binti hivi hivi lakini. Pamoja na furaha yake alikuwa amemsimamisha kizingitini, akamwuliza ni mtoto wa nani na kwao wapi. Hafsa akamjibu kwamba baba yake ni wa Kibiti hapo, mama yake Mmatumbi wa milimani.

"Ndiyo maana," akasema Bi Rukaya. "Mmatumbi akishika kitu, hata mwenyewe kumnyang'anya ni kazi."

"Na wewe bibi ndiye uliyempeleka mwenzio Chumbi?" Hafsa akamwuliza.

Bi Rukaya akamfungulia pazia bila kuuliza swali jingine.

Hafsa akapiga magoti mkekani, akaamkia. Akamwona Bi Mwajabu anamkodolea mdomo uliofunikwa, akaelewa mara moja, bila kuambiwa na mtu. Akaufungua ule mtandio, akausogeza uso kwenye mwanga wa dirisha, akasema tena taratibu, shikamoo bibi. Bi Mwajabu akaiona shikamoo ile kwenye midomo, nzima nzima. Angeweza kumbusu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepata shida kwa ajili yangu."

Hafsa akatoa kitambulisho alichopewa na Hemedy, akamtazama Bi Mwajabu, akatazama picha, akamtazama tena, bila haya na bila haraka. Akamwomba ataje jina lake. Bi Rukaya, ambaye alikuwa amezoea kumjibia, akalitaja.

"Samahani bibi," Hafsa akamwambia, kiganja kimeinuka kwa adabu. "Aseme mwenyewe."

Bi Mwajabu akasema. Akataja jina lake, la baba yake, na mwaka aliozaliwa kama ulivyoandikwa, akaongeza kwamba mwaka huo aliukisia mwandikishaji, asimlaumu yeye. Hafsa akatabasamu. Akafungua kanga, akaweka kifurushi mkekani, na karatasi juu yake. Bi Rukaya akasukuma kalamu mbele. Saini, wifi, saini, jua linakwenda.

Lakini Hafsa aliiweka kalamu pembeni. Akamgeuzia Bi Mwajabu kifurushi, upande mmoja baada ya mwingine, akimwonyesha gundi na muhuri kwamba havijaguswa. Kidole chake kikasimama kwenye kona moja. Ilikuwa imebonyea.

"Hii iliumia huko huko safarini, kabla ya kutufikia," akasema, akitamka kila neno. "Ukisaini bila kusema, inakuwa umekubali ni kizima, na bima haitakusaidia. Andika kwanza hapa kwamba kona imebonyea. Ndipo usaini."

Bi Mwajabu akamtazama kwa muda. Hakuna aliyemlazimisha binti kusema. Kona ile kizee kisingeiona, na kama angeiona asingejua la kufanya. Akaandika kwa herufi zake za kusimama mbalimbali, kona moja imebonyea. Kisha akahamisha karatasi, akapeleka kalamu mwisho kabisa wa mstari, upande wa kulia.

"Wifi, unaanzia mwisho," Bi Rukaya akamgusa bega.

Bi Mwajabu hakugeuka. Mkono ule uliokuwa ukiandika kwa kujikongoja sasa ulikwenda wenyewe, kutoka kulia kuja kushoto, ukapanda, ukashuka, ukazunguka, ukarudi kuweka nukta zake juu na chini kama mtu anayemwagia vitunguu vya kukaanga juu ya sahani. Ni jina lake kwa herufi za Kiarabu, alilolijua tangu msichana, chuoni kwa baba yake, kabla kisomo cha watu wazima hakijaja na herufi nyingine. Herufi hizi za pili alizipenda na zilimsaidia. Lakini alipotakiwa kuweka mkono wake mahali, aliuweka hivi.

Hafsa akainua kitambulisho, akaweka karibu na karatasi. Saini ndogo ya kwenye kadi na ile mbichi ya kwenye karatasi zilikuwa mapacha.

"Hii bibi siwezi kuisoma," akasema.

"Si ya kusomwa," Bi Mwajabu akamjibu. "Ya kufananishwa."

Bi Rukaya akaitazama saini ile, akatazama ushungi wake, akafikiri safari aliyotaka kwenda nayo Kibiti. Akajifunika uso kwa pindo la kanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na boksi la dawa lile lile la Mwalimu, na ndani ya boksi, katika pamba, mashine. Kona iliyobonyea ilikuwa imeishia kwenye pamba. Hafsa alikaa akisubiri, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha na tope lilikuwa linamkaukia mwilini. Alisema anataka kuona inafanya kazi kabla hajaondoka. Bi Mwajabu akaiweka betri, akaipachika nyuma ya sikio, akazungusha kile kigurudumu kidogo. Ikapiga mluzi. Kisha mluzi ukaisha na dunia ikaingia. Kuku. Kijiko cha Zaidi kwenye bakuli. Maji yanadondoka kutoka makuti kwenda kwenye ndoo.

"UNASIKIA?" Bi Rukaya akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Usinipigie kelele, wifi. Mimi si kiziwi."

Hafsa hakuondoka mikono mitupu. Bi Mwajabu alimfungia mchele wake mwenyewe, aliopepeta wakati akimsubiri, na kanga kavu ya kujifunga njiani. Bi Rukaya alimsindikiza mpaka njia panda, na huko, alisema Zaidi baadaye, alimwombea dua ndefu kuliko safari.

Alhamisi wakaja. Bi Mwajabu alikaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, kibao cha Mwalimu mapajani, na alisikia kila kitu. Alisikia mikeka ikitandikwa. Alisikia Hemedy akiwakaribisha watu kwa sauti ambayo imeanza kufanana na ya baba yake. Msomaji wa kwanza alikuwa Twalibu, mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Mwalimu, ambaye sasa ana chuo chake Bungu na mvi kidevuni. Alianza vizuri. Kisha machozi yakamkaba, na kama mtu anayekimbia mvua, akaanza kuziharakisha aya apite, amalize.

Wanawake wakamwona Bi Mwajabu anainamisha kichwa, sikio lenye mashine limeelekea uwanjani. Akakunja kidole. Akagonga kibao kwa kifundo, ko, ko, wala si kwa nguvu.

Mlio ule ukafika uwanjani. Hata vijana waliokuwa wakipakua pilau walisimama. Twalibu alivuta pumzi, akapangusa uso, akarudi mwanzo wa aya. Na mara hii akaisoma taratibu, kila herufi mahali pake, kama alivyofundishwa.